Gari la Mkunga Bado Linaimba

Gereji nzima ilimwita Masikio, na msije mkadhani ni kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa kusema haki nayo hayakuwa haba. Jina alilipata kwa difu. Difu, kwa asiyeijua, ni lile bonge la chuma lililolala katikati ya ekseli ya nyuma ya magari ya zamani, linalopokea mzunguko wa injini na kuzigawia tairi mbili za nyuma. Ikianza kuugua hupiga kelele, na kelele zake zinachanganya akili: mara utadhani ni tairi, mara beringi, mara umesahau kuachia breki ya mkono. Mafundi wengi walizikimbia. Wakiletewa gari la umri wa babu zao linalolia nyuma, walinyoosha tu kidole kwenye kona ya mwisho ya ua, penye ukuta wa matairi chakavu na banda la mabati, wakasema, "Mpelekee Masikio."

Yeye magari hayo aliyapenda bila kuona haya. Aliyasemesha. "Haya bibi, tuambie panapouma," angeliambia gari huku akiilaza jeki pembeni, na mwenye gari akicheka, Masikio hakujali. Alikuwa na namna yake ya kuwapima wagonjwa wake, na hakuna aliyewahi kuibadilisha. Aling'oa kiti cha nyuma, akavua viatu, akaketi juu ya bati tupu, nyayo zimekanyaga sakafu pale ekseli inapopita. Mwenye gari ndiye aliyeendesha, tena kwa amri. Akiguswa begani mara moja, akanyage mafuta. Akiguswa mara mbili, aachie. Kuongea marufuku. Waheshimiwa wazima wenye vitambi vyao waliendeshwa namna hiyo barabara nzima, wakirudi wamenyamaza kama wametoka kupigwa sindano, na fundi anashuka, anavaa viatu, anatoa hukumu.

Na hukumu ilikuwa haikosei. Sauti ikija ukikanyaga na kufa ukiachia, tatizo liko kwenye gia mbili zinazong'atana humo ndani au kwenye beringi inayoshikilia ile ndogo. Ikizidi ukikata kona, ni beringi ya tairi. Ikibadilika kila barabara inapobadilika, wacha kuisumbua difu ya watu, nenda kanunue matairi.

Sasa shida ikaanza kidogokidogo, kiasi kwamba mwenyewe alikuwa wa mwisho kukiri. Alianza kwa kuwalaumu wengine. "Watu siku hizi hawaongei, wanatafuna maneno," alilalamika. Redio ikawa imeharibika. Simu ikawa mbovu. Wenzake wa gereji wakicheka naye akacheka, kisha akabaki akiangalia midomo yao asijue kilichochekwa ni nini. Sauti nene alizisikia bado, nyundo ya jirani yake mpiga bodi aliisikia vizuri mno. Zilizomtoroka ni zile nyembamba, za juu. Na difu inayoanza kufa, jamani, hulia kwa sauti nyembamba.

Mkewe alijua. Mkewe alikuwa fundi cherehani, aliyeshona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, dirisha likiangalia barabara, vitambaa vimejaa hadi juu ya friji. Mwanamke huyo alikuwa anasikia sindano inakaribia kukatika kabla haijakatika. Kweli angekosa kusikia kwamba mumewe anaitwa na kuitwa na haitiki? Alimwambia mara ya kwanza kwa upole, waende hospitali wakamwangalie. Masikio alijitia hamnazo. Akamwambia mara ya pili bila upole, na mzee akanuna siku nzima, akala kwa kununa, akalala kwa kununa. Toka hapo mama wa watu akanyamaza. Fundi wa difu asiyesikia ni nani? Hilo ndilo lililomtisha mzee akiwa usingizini na akiwa macho. Aliona gereji ikimcheka, wateja wakigeuza magari getini, na jina lake likigeuka kejeli.

Hapo ndipo mkunga alipoingia.

Mkunga alikuwa mama mstaafu, mnene, mcheshi, aliyezalisha nusu ya watu wa mitaa ile, na aliyekuwa na tabia ya kumwangalia mtu mzima usoni na kumwambia, "Wewe ulitanguliza miguu." Gari lake lilikuwa la siku nyingi, rangi ya maziwa, lenye usukani mwembamba na viti vilivyoshonwa upya na mke wa Masikio mwenyewe. Alilitunza kwa wivu. Safari hii alikuwa anataka kwenda kumwona dada yake, mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima, peke yake.

"Fundi, linaimba," alisema. "Nyuma huku. Nikichanganya mwendo linaanza, nyiii, mpaka meno yananiuma."

Masikio akavua viatu, akaketi kwenye bati. Wakaenda. Akagusa bega, mkunga akakanyaga, akaguswa mara mbili, akaachia. Masikio alisikia injini, akasikia upepo dirishani, akasikia mapigo ya moyo wake. Nyiii hakuisikia. Akafumba macho, akakaza uso, akasubiri. Hakikuja kitu.

"Oili imechoka," alisema walipofika. Alisema kwa sauti ya uhakika, kwa kuwa hakuwa na uhakika.

Kwenye kumwaga oili hakuna aliyemshinda, hilo tumpe. Gari lilikuwa la moto kutoka barabarani, na ndivyo alivyotaka, kwa sababu oili ya difu ikipoa inakuwa nzito, inang'ang'ania ndani na uchafu wake. Akaliinua, akaliweka juu ya stendi. Akafungua kwanza bolti ya juu, ya kujazia, kabla hajagusa ya chini. Vijana wa siku hizi huanza na ya chini, wanamwaga oili yote, halafu wanakuta ya juu imeganda na kutu, gari limekwama tumbo tupu. Kisha akafungua ya chini. Oili ikashuka nyeusi, ikinuka yai bovu kama ilivyo desturi yake, na ilikuwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Akapanda kwenye ekseli akakuta kile kitundu cha kupumulia kimezibwa na matope. Hewa ya moto ikikosa pa kutokea inaisukuma oili itoke kwenye sili, ile mipira ya kuzuia kuvuja, na hapo ndipo ilipokuwa ikipotelea. Hayo yote aliyaona vizuri. Macho yake yalikuwa mazima.

Akafuta ile bolti ya chini, ambayo ina sumaku nchani. Unga wa chuma laini kwenye sumaku si kitu, kila difu inao. Lakini kati ya ule unga mlikuwa na chenga. Nyembamba, zenye makali, zinazong'aa. Akazigeuza kwenye kidole. Mwaka mwingine wowote angefungua difu nzima papo hapo, hata kama mwenye gari analia. Lakini kuifungua sasa kungekuwa kuyaamini macho yake, na masikio yake yalikuwa yamekwisha mwambia kwamba kumetulia. Miaka yote masikio ndiyo yaliyokuwa wakubwa wa kazi ile. Akaamua kuyaamini tena. Akazifuta chenga kwa kitambaa, akazibua kitundu, akajaza oili mpya mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu la juu, akafunga. Wakatoka tena barabarani, na alipokaa juu ya bati lake, kimya kilikuwa kile kile.

"Limenyamaza," akamwambia mkunga.

Mkunga akamtazama kupitia kioo. Alikuwa anaisikia. Lakini nani abishane na Masikio juu ya difu? Akafikiri labda ni umri wake, labda ni meno, labda oili inahitaji siku kuzoea. Akashukuru akaenda.

Alirudi baada ya siku mbili, akashuka mwenyewe, akaegemea mlango. "Fundi, usinikasirikie," alisema. "Bado linaimba. Tena limeongeza sauti."

Mpiga bodi akaacha kugonga. Gereji bwana, nyundo ikinyamaza, kila mtu anajua kuna habari. "Masikio, nawe unaanza kuchemsha?" mpiga bodi alisema akicheka, wala hakuwa na nia mbaya, mdomo wake tu ndio ulivyozaliwa. Masikio alimwambia mkunga aliache gari, atalipitia tena. Akamwambia bila kumwangalia. Mkunga akasema kesho kutwa ndiyo safari yake kwa dada. Akaondoka kwa miguu, akiwa amebeba mkoba wake kifuani.

Mzee akabaki na gari. Chenga zile alizozifuta zikamrudia machoni. Beringi ya gia ile ndogo ikifa kabisa, gia inakwama, na tairi za nyuma zinaganda ghafla hata kama gari liko kwenye mwendo mkali. Aliliwaza gari la maziwa kwenye mteremko wa barabara kuu, mkunga peke yake ndani. Akang'oa tena kiti cha nyuma. Akapiga moyo konde, akalipeleka gari taratibu mpaka nyumbani kwake, akasimama kwenye dirisha la mkewe.

"Mama," akasema. "Acha kushona kidogo. Njoo ukae nyuma."

Mkewe akamwangalia, akaliangalia gari lisilo na kiti. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake.  Alipofika mlangoni akavua viatu bila kuambiwa, kwani hadithi za bati tupu alizisikia tangu wakiwa wachumba.

Safari hii mambo yaligeuka. Masikio ndiye aliyeshika usukani, na kwa kuwa asingemsikia mkewe kutoka nyuma injini ikinguruma, walikubaliana kwamba sauti ikianza mama amguse bega, ikifa amguse mara mbili. Wakatoka mtaani wakaingia barabara ndefu inayopita nyuma ya maghala. Akakanyaga mafuta. Kabla gari halijachanganya vizuri, kidole kikamgusa. Akaachia, kikamgusa mara mbili. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Mkono wa mama haukuchelewa hata mara moja. Akakata kulia, akakata kushoto, bega likatulia, sauti haikubadilika. Akaacha lami akaingia kwenye changarawe, vilevile. Basi si tairi, si beringi ya tairi.

Akaegesha chini ya ukuta wa ghala, akazima injini, akageuka. "Ikoje? Nieleze ilivyo."

Mama akafikiri. "Kama cherehani iliyokosa mafuta kwenye mhimili wa mbele. Si kugonga. Kusaga. Halafu inaanza nyembamba, inakuja inapanda, ukiachia inakatika, inakatika kabisa."

"Ni beringi ya pinioni," alisema mzee. "Ile gia ndogo. Ilikaa bila oili ya kutosha, ikaungua." Na furaha ikampanda, maana alikuwa ameipata, tena ameipata sawasawa, kama zamani. Akaanza kuongea haraka. "Sikiliza, mama. Hatuna haja ya kumwambia mtu. Wateja wakija nitasema gari waniachie, nitalileta hapa, wewe utakaa nyuma, utanigusa, mimi nitafungua. Nani atajua? Hata mpiga bodi hatajua."

"Hapana," mkewe alisema.

Alidhani hakusikia. Akainamisha sikio.

"Nimesema hapana," mama akarudia, akimwelekea ili aone midomo. "Kukaa nyuma nitakaa. Hata kila siku nitakaa, na wateja wa nguo wanisubiri. Lakini kwa kujificha, sitaki. Mimi si wa kufichwa kwenye gari kama bidhaa ya magendo." Kisha sauti yake ikalegea, na mzee akaona macho yanajaa. "Halafu si magari tu, baba. Jumapili mwanao alikupigia simu. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Walikuwa na binti mmoja tu, mwalimu, aliyeolewa mji mwingine. Alikuwa amempigia, na yeye akasema ndiyo, ndiyo, sawa, tutaonana, akampa mama simu.

"Alikuambia jambo kubwa," mama akasema. "Kubwa kweli. Alitaka wewe ndiye ulisikie wa kwanza, kabla yangu. Ukamjibu, 'Sawa, tutaonana.' Akalia. Akaniuliza, mama, nimemkosea nini baba? Nikamwambia baba yako ana kazi nyingi. Nimemdanganya mwanangu kwa ajili yako, na sitarudia."

"Jambo gani?"

"Si langu kusema. Nilikuwa nasubiri uniulize alisema nini. Hukuniuliza."

Masikio akageuka mbele, akashika usukani mwembamba kwa mikono yote miwili. Hakuwasha gari. Aliona haya, haya iliyomchoma mpaka shingoni, na chini ya haya kulikuwa na huzuni ambayo hakuwahi kuiruhusu: kwamba mwanawe alikuwa amelia upande wa pili wa simu na yeye akampa mama simu akaenda kula. Mama akamwekea mkono begani, akauacha pale.

Siku hiyo hiyo walikwenda gereji wote wawili. Mama alikaa juu ya tairi, mkoba mapajani, na Masikio akaishusha difu. Beringi ilitoka na rangi ya buluu ya kuungua, imepasuka ukingo, ukiizungusha kwa kidole inasaga mchanga ambao haupo. Akaiweka juu ya kitambaa. Kesho yake mkunga alikuja na uso wa mtu aliyejiandaa kusikitika, akakuta beringi mpya imekwishakaa, sili mpya, oili mpya, kiti cha nyuma bado kimetolewa. Masikio akamwonyesha ile ya zamani. Akamweleza kwamba ingekwama, na ingekwama njiani.

"Sasa juzi hukuisikia?" mkunga aliuliza.

Mpiga bodi alikuwa ameinua nyundo. Hakuishusha.

Masikio akaiweka beringi chini. "Sikuisikia," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, maana mtu asiyesikia hajui anavyopaza. "Sisikii sauti nyembamba, mama. Muda sasa. Chenga niliziona nikazifuta, kwa kiburi. Nilikuambia limenyamaza, na ningekuua. Aliyesikia ni huyu mke wangu." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye tairi. "Naomba unisamehe."

 Mkunga akamtazama kwa muda, kwa yale macho yaliyokwisha wapokea watu wakiwa katika hali zao mbaya zaidi. Kisha akamshika kidevu, akamgeuza uso kwake kama mtoto. "Nimekusamehe. Ila nawe, mzee mzima, kuogopa hospitali. Wewe hata kuzaliwa ulichelewa, mama yako aliniambia." Akaingia kwenye gari lake. Mama akakaa nyuma, bila viatu, wakaenda kulijaribu, na waliporudi mama akatikisa kichwa kwamba hapana, halilii tena.

Mpiga bodi akasogea. Alikuwa mtu wa mzaha lakini mzaha ulimkauka. Akasema kwamba anko wake alipewa kifaa cha sikioni, kidogo tu, na sasa anasikia mpaka anayosengenywa. Akasema ataulizia kilipatikana wapi. Akarudi kwenye nyundo yake, akapiga polepole.

Lakini Masikio alikuwa amekwishatoa simu mfukoni. Akasimama katikati ya ua, mafuta mikononi, akampigia mwanawe. Mama akateremka garini. Mkunga hakuondoka.

"Mwanangu," akasema. "Ile habari ya Jumapili. Sikuisikia. Sikukudharau, sikuisikia. Baba yako haisikii dunia vizuri siku hizi, na alikuwa anaona aibu kukuambia. Iseme tena. Iseme kwa nguvu zako zote."

 Akaibana simu sikioni, akafumba macho kama alivyozoea kufumba juu ya bati. Na binti akapiga kelele, mwalimu yule mwenye sauti ya kutuliza darasa zima, akapiga kelele mpaka wote waliokuwa pale wakasikia, mpiga bodi, mkunga na mama yake.

"Baba, nina mimba."

Masikio akakaa chini, hapo hapo kwenye udongo wenye oili. "Nimesikia," akasema. Akasema tena, analia, "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia."